Chihuahua wangu anatetemeka asubuhi na kuyumba, nifanyeje?

Kijana wa Kihesa: Wakuu, naomba ushauri. Nipo Iringa. Nina kitoto cha Chihuahua, wale mbwa wadogo sana, dume, wiki tisa, hajafika kilo moja. Mchana anacheza vizuri, ila asubuhi namkuta anatetemeka, amelegea, akitembea anayumba. Namlisha mara mbili kwa siku kama mbwa wengine wa hapa nyumbani. Utosini ana sehemu laini. Pia nimeona kupe sikioni, jirani anasema nimwogeshe dawa ya ng'ombe. Nampenda sana, sitaki nimpoteze.

Mfugaji Uyole: Pole mkuu. Hiyo dawa ya ng'ombe usiiguse kabisa! Baadhi zina amitrazi, sumu ya kuua kupe, na Chihuahua hawaiwezi: mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Kupe mng'oe kwa kibano, ukimbana karibu na ngozi. Dawa upewe na daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito.

Mama Kulwa: Mwanangu, huko kuyumba kunafanana na sukari kushuka. Mwili mdogo hivyo hauna akiba, akilala na njaa usiku kucha kwenye baridi ya huko, asubuhi hana nguvu. Mlishe mara nne, ya mwisho ukikaribia kulala, na umpe blanketi. Akilegea mpake asali kwenye fizi. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Akichangamka mpe chakula, halafu daktari siku hiyohiyo, kwa sababu minyoo na parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa, navyo huweza kuanza kwa kulegea.

Kijana wa Kihesa: Asante sana mama. Na huo utosi?

Mama Kulwa: Wengi wa aina hii huzaliwa nao. Kwa wengine hujifunga, wengine huzeeka nao wakiwa wazima. Mlinde asigongwe kichwa, asiruke kutoka kwenye kochi, asichezewe na mbwa wakubwa. Ukiona kichwa kinavimba au macho yanatazama pembeni, mwahishe hospitali.

Wa Nakuru: Nami niongeze. Usimfunge kamba shingoni, koo lao ni dhaifu, mnunulie mkanda wa kifuani. Meno ya utoto yasipong'oka yenyewe hubanana na mapya, yaangaliwe akifika miezi sita. Akikua hatazidi sana kilo 2.7, na akitunzwa anaweza kufika miaka 14 au zaidi. Chanjo je? Ya parvo hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16.

Kijana wa Kihesa: Nimeangalia kadi ya chanjo aliyokuja nayo, haina hata muhuri mmoja. Asali nimeshampaka, ameanza kula. Saa nane tunakwenda kwa daktari.