Kuandaa vani ya kulala kwa safari ya jangwani: winchi, springi au betri ya pili?

Mwanamsafara

Ndugu wasafiri, salaam. Mwaka uliopita mimi na mwenzangu tulinunua vani ndefu ya dizeli inayoendeshwa na magurudumu yote manne, tukaijengea kitanda, jiko, friji na makabati kwa mikono yetu wenyewe. Sasa tunajiandaa kwa safari ya siku kumi na mbili jangwani, na kipande kirefu kabisa kisicho na kituo cha mafuta ni cha kilomita 600 za changarawe, mawe na mchanga, ambacho tunakadiria kukimaliza kwa siku tano. Tangi la dizeli la lita 90 likiwa limejaa, lakini bila watu, maji wala chakula, gari lina uzito wa kilo 3,150, na kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji ni kilo 3,500. Betri ya ndani ni ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), inayochajiwa na alternata pamoja na paneli ya sola ya wati 200.

Fedha iliyobaki inatosha jambo moja kubwa tu. Fundi mmoja amenishauri nifunge winchi, yaani mashine ya kulivuta gari lililokwama kwa kamba, na bampa la chuma; mwingine anasema nibadilishe springi na shokapu ili gari liinuke; naye mwenzangu angependa betri ya pili ili friji isije ikazima. Naomba ushauri wa waliokwisha kufika huko: lipi litangulie, na ni lipi ambalo sisi wageni wa jangwa hatujalifikiria?

Fundi wa Ekseli

Ndugu Mwanamsafara, kabla ya kununua chochote chukua karatasi tujumlishe pamoja. Watu wawili, kilo 150. Maji, tuseme lita sita kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, kwa siku tano za njiani na siku nne za kungoja msaada iwapo gari litaharibika, ni lita 108. Ongeza kidogo ya kunawa na ya rejeta, ufikie 130, yaani kilo 130. Chakula, nguo na vyombo, kilo 120. Spana, jeki, beleshi, mbao za kukwamulia na spea, kilo 60. Dizeli nayo usiihesabu kwa ulaji wa barabara ya lami: gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 huweza kula lita 20 mchangani, hivyo kilomita 600 zinahitaji lita 120, na robo ya akiba inafanya 150. Tangi lako ni la 90, kwa hiyo unabeba lita 60 za ziada, ambazo ni kama kilo 50. Jumla ni kilo 3,660. Umekwisha kupita kikomo kwa kilo 160, na winchi bado hujaifunga.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Winchi pamoja na bampa la chuma zinaweza kukaribia kilo 100, zote zikining'inia mbele ya ekseli ya mbele, na zaidi ya hayo winchi huhitaji mti au mwamba wa kushikia, ilhali pale ambapo mchanga ni laini kiasi cha kumeza gari, mara nyingi hakuna hata kichaka. Springi ngumu zitainua gari, lakini hazibadilishi kikomo cha mtengenezaji, kwa sababu breki, ekseli na ringi ni zile zile. Kazi ya kwanza ni kupunguza. Peleka gari kwenye mizani ya magari, upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kisha rudi nyumbani utoe makabati ya mbao nzito, mtungi wa pili wa gesi na kila kilichopo juu ya paa. Mzigo mzito ukae chini, katikati ya ekseli mbili. Gari refu lenye paa la juu huanza kulala upande kwenye mteremko wa mchanga mapema kuliko dereva anavyodhani.

Fedha ikibaki baada ya hapo, nunua shokapu nzuri. Kwenye njia zenye matuta madogo ya mfululizo, shokapu dhaifu huchemka na kuvuja oili siku ya pili, na baada ya hapo mtikisiko wote huhamia kwenye bolti, vishikizo vya betri na viungo vya mabomba. Kila jioni, kabla ya kuwasha jiko, lala chini ya gari na taa mkononi, ushike kila nati.

Kuhusu matairi, jambo litakalowasaidia kuliko kifaa chochote ni kupunguza upepo. Niliwahi kuweka alama ya chaki mbele na nyuma ya mahali tairi la nyuma lilipogusa sakafu ya gereji: kwa psi 55 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) alama ilikuwa na urefu wa kama shibiri moja, na niliposhusha hadi psi 22 ikakaribia shibiri moja na nusu, huku upana ukiongezeka kidogo sana. Tairi hurefuka, na urefu huo ndio unaolibeba gari juu ya mchanga. Kwa uzito wenu, anzeni na psi 25, na mkikwama mshuke hadi 20. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi, hasa mkikata kona kwa ghafla. Mwendo uwe wa taratibu, na upepo urudishwe kabla ya kuingia barabara ngumu, kwa maana tairi laini linalokimbia huchemka hadi likapasuka. Kwa hiyo kompresa nzuri na geji ya kuaminika hazina mbadala, na wala si ghali zikilinganishwa na winchi.

Kisima

Dada au kaka, mimi naongeza la maji tu, kwa sababu lilinigusa mwenyewe. Tulibeba lita 90 katika tangi moja zuri chini ya sakafu ya gari, na madumu mawili ya lita 20 ndani, ambayo mke wangu ndiye aliyeyasisitiza. Siku ya tatu pampu ya maji ilianza kunguruma kwa sauti kavu. Jiwe lilikuwa limepiga kiungo cha bomba chini ya tangi, na nilipotazama nyuma niliona mstari mwembamba wa mchanga mweusi ukifuata njia tuliyopita. Tulipomaliza kukagua, mstari wenyewe ulikuwa umekwisha kukauka. Yale madumu mawili ndiyo yaliyotutoa. Tafadhali yagaweni maji katika vyombo vitatu au vinne, na kimoja kisiunganishwe na bomba lolote.

Pia acheni ratiba kwa mtu anayejali, yenye njia, vituo na saa ambayo akikosa habari zenu atoe taarifa. Bebeni kifaa cha ujumbe wa setilaiti, na pamoja nacho kirushio cha dharura cha 406 MHz, kinachotuma ishara ya kuomba uokoaji kupitia setilaiti, kilichosajiliwa kwa majina yenu. Gari likifa, kaeni nalo. Gari huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu anayetembea, na lina kivuli.

Waya Mwekundu

Kwa hesabu za umeme, betri ya pili haihitajiki. Ah 100 za lithiamu ni kama saa-wati 1,280. Friji nzuri ya kompresa hutumia kama Ah 40 kwa siku, na zaidi kidogo kwenye joto kali, hivyo hata jua likikosekana siku nzima mnabaki salama, na alternata hujaza mnapoendesha. Jueni tu kwamba paneli hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila digrii inayozidi 25, hivyo paneli iliyofika digrii 70 imepungukiwa na takriban asilimia 16 kabla ya vumbi kuifunika. Ipanguseni kila asubuhi kwa kitambaa laini. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya digrii sifuri, na usiku wa jangwani huweza kufika huko, kwa hiyo hakikisheni kifaa chake cha ulinzi kinazuia jambo hilo.

Kuhusu vumbi, funga madirisha, weka feni ya kabini ivute hewa ya nje kwa nguvu, na shinikizo dogo litakalojengeka ndani litasukuma vumbi lisipenye kwenye milango ya nyuma. Chujio la hewa la injini likaguliwe kila jioni, na bebeni mengine mawili.

Nikiwaza rejeta humkumbuka Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyepita katika Jangwa la Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930. Maji ya rejeta yalipochemka, mvuke ulipitishwa kwa bomba hadi kwenye kopo la maji lililofungwa nje ya gari, ukapoa, na injini ilipotulia maji yakavutwa kurudi. Yeye pia alipunguza upepo wa matairi na kubeba vipande vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu.

Mwanamsafara

Nawashukuru nyote kwa moyo. Jana tulitoa kabati la juu, meza ya mbao, keria na mtungi wa pili wa gesi, na mizani ikasoma kilo 2,985, yaani tumeokoa 165. Winchi na betri tumeziacha. Swali moja limebaki: zile lita 60 za dizeli tuziweke wapi, ikiwa paa halifai?

Fundi wa Ekseli

Msiziweke ndani mnamolala wala msizitundike mlango wa nyuma, kwani uzito mbali nyuma ya ekseli huinua sehemu ya mbele na kuchosha bawaba. Mpeni fundi wenu kipimo cha nafasi iliyopo chini ya sakafu kati ya ekseli mbili, upande usio na ekzosi, afunge tangi dogo la chuma lenye bamba la kinga chini yake. Bomba lake lipite juu ya chesisi, lisining'inie, na livikwe mpira kila linapogusa chuma. Jazeni siku kadhaa kabla ya safari, mtembee nalo njia mbaya ya karibu, kisha mtandaze gazeti chini yake usiku kucha. Asubuhi hata tone moja litaonekana.