Kipimo cha siko seli kwa mtoto wa wiki nane kimetoka hasi: tukiamini?

Uuguzi_Likoni
Assalaam aleikum wataalamu. Tuseme mtoto ana wiki nane, baba na mama wote ni AS (jeni moja ya kawaida, A, na moja ya siko seli, S). Kipimo cha slaidi kimetoka hasi na wazazi wameambiwa mtoto yu salama. Lakini jeni ya S, kama anayo, anayo tangu kutungwa mimba. Mbona isionekane? Naambiwa ni mambo ya jeni kuwashwa na kuzimwa. Nielezeni, tafadhali.

Maabara_Kisauni
Waaleikum salaam. Kwanza wazazi waitwe tena, hilo la "salama" halina msingi. Watu hao wawili wana uwezekano wa robo kupata mtoto wa SS (mgonjwa, mwenye S mbili) kwa kila mimba, na slaidi haiwezi kuufuta katika umri huo.

Kasoro ya siko seli iko kwenye jeni ya beta, mojawapo ya jeni za globini (protini ya himoglobini): asidi amino ya 6, mahali pa glutamiki pamekaa valini. Mtoto anapozaliwa jeni hiyo haijashika kazi sawasawa. Asilimia 60 hadi 80 ya himoglobini yake ni F (ya kijusi), inayotengenezwa na jeni za gama, na F huizuia S isishikamane. Hata ukitengeneza sodiamu metabisalfaiti mpya ya asilimia 2 (dawa ya slaidi inayoondoa oksijeni ili chembe zenye S zijipinde kama mundu), ukaziba kingo za kifuniko vizuri na kusubiri nusu saa, chembe zitabaki duara. Dawa iliyolala nayo hutoa hasi ya uongo, kwa hiyo watu huilaumu chupa na kurudia kipimo kilekile. Kipimo cha kuyeyuka (cha kuangalia kama himoglobini inayeyuka) nacho kina kasoro hiyohiyo. Chini ya miezi sita, peleka damu ikatenganishwe himoglobini zake kwa umeme au kwa mashine ya HPLC.

Jibu likiwa FS (himoglobini F na S) bila A, mchukulie kuwa mgonjwa: penisilini ya kunywa miligramu 125 mara mbili kwa siku ianze akifika miezi miwili, kisha kipimo kirudiwe akikaribia mwaka. Na kama ameongezwa damu, usipime kabla ya miezi mitatu au minne kupita. Utakuwa unasoma A ya aliyemtolea.

Jeni_na_Damu
Niongeze upande wa swichi, maana ndiko swali liliko.

Seli shina ya uboho huwa na protini ya kuongoza jeni, GATA2. Ikielekea kuwa chembe nyekundu, mwenzake GATA1 huja ikaiondoa GATA2 kwenye sehemu zilezile za DNA, ikawasha kipokezi cha erithropoietini (homoni ya figo), jeni za globini na kimeng'enya cha kutengeneza himu (sehemu ya himoglobini yenye chuma). GATA1 ikikosekana, seli hukwama zikiwa changa na kufa. Zikifaulu, hujaza himoglobini, hutupa kiini na kuishi siku 120 hivi.

Sasa globini. Kwenye kromosomu ya 11 jeni zimepangwa kwa mfuatano wa kutumika: ya kiinitete, gama mbili, delta, beta. Kando yake kuna kipande cha DNA kinachojikunja mpaka kikagusa jeni ya kuwashwa. Kwa kijusi hugusa gama. Baada ya kuzaliwa, protini KLF1 huipa nguvu beta na papo hapo huwasha protini nyingine, BCL11A, ambayo hukaa kwenye gama na kuifunga. Kipande hakina budi kuhamia beta. Kwa hiyo S haijifichi, Bi Uuguzi. Haijafikiwa zamu yake. Ikifika, F hushuka, na ndipo vidole vya mtoto huanza kuvimba.

Uuguzi_Likoni
Shukran sana. Basi BCL11A ikizuiwa, F hubaki juu?

Jeni_na_Damu
Naam, na ndiyo tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023: hukata kichochezi cha BCL11A (kipande cha DNA kinachoiwasha) ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe. Lakini lazima uboho uunguzwe kwanza kwa dawa kali, na gharama yake ni mamilioni ya dola. Kwa mtoto wa Likoni cha kushika ni haidroksiyurea, ambayo nayo hupandisha F. Kilifi hapo jirani ni miongoni mwa vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu kwa watoto, matokeo yakatoka 2019: maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Maabara_Kisauni
Haidroksiyurea huanzia miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku, na hesabu kamili ya damu ipimwe mara kwa mara. Neutrofili (chembe nyeupe za kupambana na vijidudu) zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita au chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 80,000, isimamishwe mpaka zipande. Dawa hii hukuza chembe nyekundu; ukubwa wake usipoongezeka baada ya miezi kadhaa, muulize mama kwa upole kama dozi zinarukwa.