Hedifoni ya gemu "inayozima kelele": itafaa na kwa kazi za mchana?

PwaniYaShangani

Habari za humu wakuu. Natafuta hedifoni moja ya kazi mbili. Mchana ni mikutano ya Zoom na kupokea simu za wateja kwenye laptopu, saa tano hadi sita kwa siku. Usiku ni EA FC (gemu la mpira) kwenye PS5, na PUBG kwenye simu.

Mazingira ni Shangani, Mtwara mjini. Pangaboi halizimwi, umeme ukikatika jirani anawasha jenereta karibu na dirisha, na ndani kuna watoto. Navaa miwani. Bajeti laki tatu na nusu, ikibidi sana laki nne.

Dukani kuna hedifoni ya gemu ya 180,000. Boksi linasema inazima kelele, ina kijiti cha USB cha 2.4 GHz (kipokezi chake cha sauti bila waya), Bluetooth, taa za rangi na "7.1". Je, hizi za gemu zinazima kelele kweli au ni mapambo ya boksi? Na nikiwa dukani nijaribu nini, maana mzigo ukishatoka haurudi.

FundiChikongola

Kwanza uliza, mkuu: kelele zinazimwa kwa faida ya sikio lako au la mteja wako? Maneno hayohayo kwenye boksi yanabeba vitu vitatu tofauti.

Ukiona ENC, hiyo ni habari ya maiki. Kelele za upande wako zinachujwa zisimfikie unayeongea naye. Wewe pangaboi utalisikia vilevile. Ukiona ANC, hiyo ndiyo ya masikio yako: maiki ndogo nje ya kikombe, na kwenye hedifoni nzuri nyingine ndani, zinasikiliza kelele, kisha spika inatoa wimbi lililogeuzwa, mlima dhidi ya bonde, yakikutana yanauana. Cha tatu hakitumii umeme kabisa, ni mto wa sikio unaoziba vizuri, na wapo wauzaji wanaokiita nacho kuzima kelele. Kwa 180,000 yenye taa na kijiti, dau langu ni ENC.

Sasa hata ANC ya kweli ina mipaka. Inaziweza sauti nzito zisizobadilika, hasa zilizo chini ya kama 1,000 Hz. Jenereta ndogo ya umeme wa 50 Hz inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikiwa ni ile inayochanganya oili na petroli, inalipua mara 50 kwa sekunde; yenye oili yake pembeni na silinda moja, mara 25. Mvumo huo ndio chakula cha ANC. Ila ile chakachaka ya bati la ekzosi lililolegea ni sauti ya juu, na sauti za juu zinazuiwa na mto, si na umeme. Pangaboi vivyo hivyo: mvumo utapungua sana, ule "shhh" wa hewa utabaki kidogo.

Watoto, jogoo, adhana, honi ya bajaji: hapo usitegemee. Tena kuna kitu kinawashangaza wengi. ANC ikishaondoa mvumo wa chini, sauti za watu zinasikika wazi kuliko mwanzo, kwa sababu hakuna tena kinachozifunika. Hedifoni haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Dukani omba wakuwashie feni ya mezani umbali wa kama mita moja. Vaa hedifoni ikiwa imezimwa, sikiliza. Iwashe bila muziki, bonyeza kitufe cha ANC, kisha kizime. Kama mvumo wa feni haubadiliki hata kidogo, umeshapata jibu, weka chini. Kama unabadilika, zima feni ubaki kwenye ukimya ANC ikiwa imewashwa: "sss" hafifu ni kawaida, lakini ukiisikia hata muziki ukipiga taratibu, itakuchosha kwa saa sita. Halafu sukuma kikombe kidogo kwa kiganja na utafune hewa kama unatafuna korosho. Ikilia filimbi au ikatoa "buum" kila taya linaposogea, mto hauzibi au maiki ya ndani ina kasoro.

Ukihisi masikio yameziba kama uko kwenye ndege inayotua, jipe dakika kumi. Wengine wanazoea. Usipozoea hiyo aina si yako, hata ingekuwa ya bei gani.

NyotaYaMikindani

Naongezea kwenye maiki, maana wewe kazi yako ni kuongea. Usiijaribu kwa kusema "helo helo". Washa feni, jirekodi sekunde 30 ukisoma maandishi ya boksi, mara tatu: kwa kijiti cha USB, kwa Bluetooth, na kwa waya. Sikiliza rekodi hizo kwa hedifoni nyingine. ENC ya bei rahisi inakata mwanzo na mwisho wa maneno, "naomba" inakuwa "omba". Mteja hatakwambia, atakata simu tu.

Mtego mkubwa ni Bluetooth. Ukisikiliza muziki inapitisha sauti nzima, pande mbili. Mara programu inapoita maiki ya hedifoni, Bluetooth ya kawaida inahamia hali ya simu: sauti inakuwa moja ileile kwa masikio yote mawili na inashushwa hadi sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, wakati mwingine 8,000, ndiyo maana inasikika kama redio ya mbao. Muziki wa kawaida una 44,100. Kwenye Windows 10 utaona hedifoni moja imeandikwa kwa majina mawili, moja lina neno "Stereo", lingine "Hands-Free". Kwenye Zoom chagua spika iwe ile ya Stereo na maiki iwe ya laptopu au ya nje. Hapo sauti haitaanguka. Kijiti cha 2.4 GHz hakina tatizo hilo.

BandariSalama

PS5 haipokei hedifoni za Bluetooth. Hilo watu wanaligundua wameshafika nyumbani. Ni kijiti cha USB, au waya wa milimita 3.5 kwenye kidhibiti. Ukitumia waya, ingia kwenye mipangilio ya sauti uhakikishe sauti yote inakwenda kwenye hedifoni; ikiwa imewekwa maongezi tu, mpira utabaki kwenye TV.

Na kijiti kiwe kimeandikwa kinakubali PlayStation. Kilichoandikwa Xbox peke yake usitegemee kiingiliane na PS5.

7.1, yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, achana nayo, ni hesabu za programu juu ya spika mbili zilezile.

PwaniYaShangani

Nashukuru sana wakuu, hiyo ya PS5 na Bluetooth ingenikuta. Kwa PUBG kwenye simu je, ucheleweshaji wa Bluetooth ni wa kuogopa? Na zile kubwa za gemu zenye ANC ya kweli zinafikia kiasi gani, nijue kama nisubiri nijazie hela.

FundiChikongola

Kwenye PUBG ni wa kuogopa. Bluetooth ya kawaida inachelewa kama milisekunde 150 hadi 250, kwa hiyo hatua za adui unazisikia ameshapita mlango. Kijiti cha 2.4 GHz kiko kwenye makumi machache, na waya hauchelewi kwa kiwango cha kuhisi. Kijiti kikiwa na kichwa cha USB-C kinaingia moja kwa moja kwenye simu. Kwenye baadhi ya OPPO na vivo lazima uwashe OTG (ruhusa ya simu kutumia vifaa vya USB) kwenye mipangilio kwanza, na inajizima yenyewe ikikaa bila kazi. Watu wanadhani kijiti kimekufa, kumbe simu ndiyo imefunga mlango.

Za juu: SteelSeries Arctis Nova Pro Wireless ilitoka 2022 kwa dola 349.99 huko Marekani. Ina betri mbili za kubadilishana, moja kichwani nyingine inachaji kwenye kituo chake, na inashika 2.4 GHz na Bluetooth kwa wakati mmoja. Sony INZONE H9 ilitoka mwaka huohuo kwa dola 299.99, ANC nzuri, ila haina tundu la waya la milimita 3.5. Betri ikiisha katikati ya simu na umeme umekatika, huna njia ya kando. Zote mbili zina uzito wa gramu 330 na zaidi. Linganisha na Sony WH-1000XM4, hedifoni ya muziki, gramu 254. Gramu hizo themanini dukani huzisikii, saa ya nne utosi unazijua.

Ndiyo maana kwa bajeti yako nisingenunua ya gemu kabisa. Chukua ya muziki yenye ANC ya kweli na tundu la waya, halafu maiki ya kubana kwenye kola au ya USB kwa ajili ya laptopu. ANC kwa bei hiyo inapatikana upande wa muziki kabla ya upande wa gemu, kwa sababu upande wa gemu hela yako inakwenda kwenye taa, kijiti na mkono wa maiki.

BandariSalama

Hapo sikubaliani moja kwa moja. Hedifoni nyingi za muziki ukichomeka waya maiki yake haifanyi kazi. Na nyingine ukichomeka waya ANC inazima. Mwambie ajaribu hilo dukani, siyo "chukua ya muziki" basi.

FundiChikongola

Sawa, hiyo ni haki. Chomeka waya, washa hedifoni, bonyeza ANC mbele ya feni. Ikikataa, iache. Kuhusu maiki, kwenye PS5 haimsumbui kwa sababu kidhibiti cha DualSense kina maiki yake ndani. Laptopu ina ile ya kola. Kwenye PUBG anatumia maiki ya simu, au ananyamaza tu, hasara si kubwa.

DadaWaMtama

Nyie mnaongelea umeme tu, na mwenzenu amesema anavaa miwani. Mkono wa miwani unanyanyua mto na kuacha upenyo, na sauti nzito ndizo zinapita hapo kwanza, yaani zilezile ambazo ANC ilikusudiwa kuzizima. Mto uwe mnene na laini, unaobonyea kwa kidole na kurudi polepole. Mwembamba na mgumu haufai, hata kama hedifoni imeandikwa nini. Ijaribu ukiwa na miwani yako mwenyewe, mkono mwembamba wa chuma ni bora kuliko wa plastiki nene.

Kuhusu joto letu: mito ya kitambaa inapoa ila inavujisha sauti, ya ngozi bandia inaziba ila inatoa jasho. Kwa ANC ni afadhali ngozi. Hiyo ngozi ni plastiki ya PU, na unyevu wa pwani ukichanganyika na jasho unaivunja taratibu mpaka inabanduka magamba meusi. Ipanguse kila jioni kwa kitambaa chenye maji kidogo sana, kisha kikavu. Spirti usiguse, inakausha ngozi haraka. Usiifungie kwenye begi ikiwa na jasho, iache ipate hewa kivulini kwanza. Na kabla hujalipa, shika mto uuvute taratibu uone kama unatoka. Inayotoka kwa vishikizo unabadilisha mwenyewe, iliyogundishwa ni safari ya fundi. Mito ya badala inauzwa kwa kipimo, kwa hiyo pima kwa rula urefu na upana wa kikombe kwa milimita, usiende na jina la hedifoni peke yake.

Na dirisha. Upepo wa kusi ukipiga moja kwa moja kwenye maiki za nje, ANC inageuza upepo kuwa mngurumo sikioni. Kaa ubavuni mwa dirisha au uzime ANC saa hizo. Pangaboi likiwa juu ya kichwa chako linafanya hivyohivyo, sogeza meza nusu mita kutoka katikati.

PwaniYaShangani

Dada umenifikiria kuliko nilivyojifikiria. La mwisho wakuu: laptopu yangu ina tundu moja tu la sauti. Nikitaka hedifoni ya waya na maiki ya kola kwa pamoja nafanyaje?

NyotaYaMikindani

Nunua kigawanyi cha matundu mawili, chenye picha ya hedifoni upande mmoja na picha ya maiki upande wa pili. Pini yake ya kuingia kwenye laptopu iwe na pete tatu nyeusi. Yenye pete mbili inagawa muziki tu kwa watu wawili, maiki haitasikika, na zimelala kwenye droo moja dukani. Angalia na maiki ya kola: nyingi zimetengenezwa kwa simu na pini yake ina pete tatu, hiyo ichomeke moja kwa moja kwenye simu. Kwa kigawanyi tafuta ya pete mbili, ya kompyuta.

Ukichagua maiki ya USB huhitaji hayo yote. Ila kama siku moja utaleta na kijiti cha 2.4 GHz, usikichomeke kwenye USB ya bluu huku diski ya nje iko pembeni yake. USB 3 inamwaga mawimbi karibu na 2.4 GHz na sauti inakatikakatika. Waya wa kurefusha USB wa nusu mita, kijiti kikae juu ya meza, inatosha.