Binti kaingia form one, maneno marefu ya Kingereza yanamshinda kusoma. Msaada wakuu

Mama_Lulu
Wakuu habari zenu. Binti yangu kaingia form one, primary kasoma kwa Kiswahili sasa huku masomo karibu yote Kingereza. Maneno mafupi anasoma vizuri tu ila akikutana na transportation analikata kiswahili, tra-ni-si-po-ri-ta-ti-o-ni, akifika mwisho hajui kasoma nini afu anafunga daftari. Yaani naumia maana huyu mtoto anapenda shule. Nimsaidieje?

chaki_nyeupe
Pole mama, mimi ni ticha na hilo naliona kila mwaka. Silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali, ba be bi bo bu, za Kingereza nyingi zinaishia na konsonanti. Atafute sauti za vokali kwanza, kila silabi ina moja tu, kisha aangalie konsonanti za katikati, zikiwa mbili mara nyingi unakata kati yake: nap-kin, pen-cil, sud-den. Ila th, sh, ch, ph zikiwa ni sauti moja usizitenganishe, ndo maana ni fa-ther. Na tion ya mwisho aikariri kama kipande kimoja kinachosomwa "shen". Trans-por-ta-tion, vipande vinne tu.

Mzee wa Kona
Mi naona vipande vyenye maana ndo vinasaidia zaidi, hasa baiolojia. Uncomfortable, toa un mbele, toa able nyuma, limebaki comfort. Photosynthesis ni Kigiriki, photo mwanga, synthesis kuunganisha, hapo kashapata hadi nusu ya somo lenyewe. Thermo joto, hydro maji, bio uhai, akizijua hizo chache atazikuta kila kitabu.

chaki_nyeupe
Kweli mzee, ila asichanganye hivyo viwili. Walked ni silabi moja lakini vipande vya maana viwili, walk na ed. Kusoma kwa sauti atumie silabi, kuelewa atumie vipande.

Mama_Lulu
Asanteni sana. Nimempa disagreement saa hii, kaziba dis na ment kwa vidole kabaki na agree, kasoma lote mwenyewe! Sasa information je?

chaki_nyeupe
In-for-ma-tion. Mwambie apige mistari ya penseli kati ya silabi za maneno marefu ya somo la kesho kabla hajaingia darasani, na asome kwa sauti umsikie.