Injini za treni za mvuke zimekatwa zikauzwa kwa kilo, na sasa hata picha ya mabaki tunakatazwa kupiga

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Nimerudi nyumbani Nakuru majuzi baada ya miaka sita ughaibuni, na jambo la kwanza nililotaka ni kuifuata reli ya zamani hadi Kisumu: Njoro, Molo, Mau Summit, Londiani, Lumbwa, Fort Ternan, Muhoroni. Baba yangu alikuwa fayamani, yaani mchochea moto wa injini, kwenye njia hiyo enzi za mvuke. Ana miaka 82, safari ya kutwa haiwezi tena. Akaniomba nimpigie picha ya kituo kimoja ambako alikesha usiku mwingi wakingoja treni ya kupishana nayo.

Kituo sitakitaja. Nimefika, nimetoa simu, hata sijapiga moja, askari huyu hapa. "Mzee, hapa hakuna picha. Una barua?" Barua ya nani? Ya ofisi. Ofisi ipi? Hajui. Nikapiga simu kwa mkubwa wake, naye akaniambia nitafute barua kisha "nijipange." Nijipange! Kwa ajili ya tangi la maji lililotoboka na nyasi zilizonifika kiunoni!

Nje ya ua nilimkuta mzee mstaafu anayeuza mahindi ya kuchoma. Nilipomtajia kazi ya baba, akanivuta pembeni. "Injini ilikuwa hapo, mwanangu," akanionyesha mahali pasipo na kitu. "Waliikata kwa gesi. Shaba ndiyo iliyoondoka kwanza." Kilichobaki cha injini ile ni kopo la mafuta, lile la mdomo mrefu wa kufikia viungo vya magurudumu, namba yake imegongwa ubavuni kwa patasi. Leo linatia mafuta mashine ya kusaga unga ya mkwe wa mzee huyo. Hicho ndicho kitu cha reli ya mvuke nilichoruhusiwa kukigusa nchini kwangu.

Sasa nisikilizeni kwa nini inaniuma hivi. Ujerumani kuna milima ya Harz. Nilipanda garimoshi pale Wernigerode kwenda kilele cha Brocken. Kabla ya kupanda nilipiga magoti kwenye kivuko nikatandaza futi ya fundi kati ya reli mbili: mita moja kamili. Upana uleule wa reli iliyopita nyuma ya nyumba yetu! Injini zinazopanda pale nyingi ziliundwa kati ya 1954 na 1956. Garratt zetu za daraja la 59, yaani zile injini ndefu zenye boila moja katikati na seti ya magurudumu kila upande, zilitoka kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zikiwa 34, kila moja tani zaidi ya 250. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu. Ni rika moja! Za kwao zinapanda hadi leo, abiria wanalipa nauli, dereva anavaa ovaroli nyeusi ya masizi na kijana wa kando yake anafundishwa kazi. Tena kituo chao cha juu kiko mita 1,125 tu. Kituo chetu cha Timboroa kimepita mita 2,700.

Wales nako nimefika. Wana Garratt ya kwanza kabisa duniani, ya 1909, iliyokwenda kufanya kazi Tasmania, na wana ya mwisho iliyotoka kiwanda kile cha Manchester, ya 1958, waliyoitoa Afrika Kusini. Watu walizifuata ng'ambo ya bahari wakazirudisha. Wengi wanaozihudumia ni watu wa kujitolea, wastaafu na wanafunzi, hawalipwi hata shilingi. Sisi zilikuwa mlangoni.

Na msije na lile la "hatuna pesa" au "reli ilishakufa." Reli ya Nakuru hadi Kisumu imekarabatiwa, na treni ya abiria ilirudi Desemba 2021. Njia ipo, miteremko ya Mau ipo. Makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yametunza Garratt mbili za daraja la 59, namba 5918 na 5930, na nawashukuru kwa moyo wote. Lakini mtoto wa Muhoroni asafiri hadi Nairobi ndipo aone injini ya mvuke? Reli ilifika Kisumu 1901, bado ikiitwa Port Florence, na mji mzima ukakua kutoka pale ziwani. Tuwekeeni basi injini moja huku magharibi, hata isiyotembea!

Kupotea kwa chuma kunauma, ila kupotea kwa ujuzi wa wazee kunauma zaidi. Jioni ile nilimwambia baba sikupata picha. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kunieleza jinsi ya kuchochea moto wa injini. Injini zetu zilichoma mafuta mazito, si makaa. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yanapotea bure. Usipouona moshi kabisa, hewa imezidi na unalipoza boila. Unatafuta ukungu wa kijivu hafifu, na jicho lako moja halitoki kwenye kioo cha maji, maana mlima ukiisha ghafla maji yanahamia mbele na nyuma panabaki pakavu. Hayo hakuna aliyeyaandika. Miaka yote hii hakuna ofisi iliyomtuma hata kijana mmoja na daftari.

Nimeandika barua yangu ya malalamiko na nitaipeleka mwenyewe Jumatatu, nigongewe muhuri wa kupokelewa. Na niko Nakuru hadi mwisho wa mwezi. Mwenye baba au babu aliyekuwa dereva, fayamani au fundi wa karakana, kuanzia Nakuru hadi Butere, aniandikie hapa kabla sijaondoka. Nauli ni yangu, kinasa sauti ninacho.