Kwadratiki na seti kwenye mtihani mmoja: alama zigawanywe vipi?

mwl_namba
Walimu wenzangu, natunga mtihani wa kidato cha tatu wenye funksheni za kwadratiki na seti. Grafu wanachora vizuri, ila ukiwauliza f(x) > 0 ni wapi, wengi wanaandika 5 < x < –1. Kwenye seti nako wanaleta majibu yasiyowezekana bila kushtuka. Nitunge na kusahihisha vipi ili nijue kila mmoja amekwama wapi?

chokaa_na_ubao
Mwalimu, shina ni moja: hawajatenganisha "na" na "au". Chukua f(x) = x² – 4x – 5, yaani (x + 1)(x – 5). Grafu iko chini ya mhimili wa x pale x inapozidi –1 NA ikiwa ndogo kuliko 5. Masharti yote mawili yatimie, hiyo ni seti ingiliani: –1 < x < 5. Iko juu pale x < –1 AU x > 5. Huo ni muungano wa vipande viwili visivyogusana, kwa hiyo haviandikwi kwa mfululizo mmoja. Aliyeandika 5 < x < –1 mwambie ataje namba moja tu inayozidi 5 na papo hapo ni ndogo kuliko –1. Hakuna. Ameandika seti tupu.

kalamu_nyekundu
Kwa grafu hiyohiyo, jedwali liwe kuanzia x = –2 hadi 6: 7, 0, –5, –8, –9, –8, –5, 0, 7. Kosa linalorudi kila mwaka ni (–2)² kufanywa –4, basi badala ya 7 inatoka –1. Ukiona tawi la kushoto linaishia –1 huku la kulia linafika 7, mabano yamesahauliwa. Mnyime alama ya jedwali, lakini akiweka nukta sawasawa na jedwali lake, alama za kuchora mpe. Kosa moja lisimgharimu mara mbili. Waliounganisha nukta kwa rula, hapana. Nukta ya kugeukia (2, –9) waithibitishe kwa x = –b/2a. Hapo b ni –4, na asiyeangalia ataleta x = –2.

mchoro_kwanza
Kwenye seti, chagua namba ambazo kila kosa litajitaja lenyewe. Wanafunzi 45: 28 wanasoma fizikia, 24 kemia, 6 hawasomi lolote kati ya hayo. Wanaosoma yote ni 28 + 24 – 39 = 13. Aliyepata 7 hakutoa wale 6. Aliyejaza 28 na 24 pembeni ya 13 kwenye mchoro wa Venn hatofautishi "fizikia" na "fizikia tu". Sehemu zake nne zinafika 71. Weka alama moja mahususi ya kuhakiki jumla: 15 + 13 + 11 + 6 = 45.

mwl_namba
Asanteni sana. Nikibadili iwe f(x) ≥ 0?

chokaa_na_ubao
–1 na 5 zinaingia: x ≤ –1 au x ≥ 5. Kwenye mstari wa namba vile viduara vya mwisho vijazwe wino, na hiyo ipe alama yake peke yake.