Mrejesho: Masta silinda ya breki kwa gari la zamani

Swali langu lilikuwa kama gari hili, lenye breki za diski mbele na dramu nyuma, na lisilo na busta (kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu), lirudishiwe masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa) ya kipenyo cha milimita 19 kama ya awali, au lifungwe ya milimita 22 ambayo ilikuwa rahisi kupatikana. Nimefunga ya 19, ila yenye vyumba viwili, ili paipu ya mzunguko mmoja ikipasuka mwingine uendelee kushika.

Kilichoamua ni hesabu. Eneo la pistoni hukua kwa mraba wa kipenyo, hivyo ile ya 22 husukuma mafuta zaidi kwa takriban asilimia 34 na kufupisha mwendo wa pedali, lakini kwa nguvu ileile ya mguu shinikizo hushuka hadi robo tatu hivi, na mguu ndio hulipa tofauti hiyo.

Aliyenitahadharisha kuhusu vali ya kubakiza shinikizo (huacha shinikizo kidogo kwenye paipu hata pedali ikiachiwa) namshukuru sana, kwa sababu niliikuta kwenye tundu la kwenda breki za mbele. Vali ya namna hiyo ni ya dramu, na kwenye diski huacha pedi zikiisugua diski muda wote. Nimeitoa.

Nilitoa upepo silinda ikiwa bado kwenye jiliwa, nikaacha nafasi ya kama milimita moja kati ya fito ya pedali na pistoni, maana pistoni isiporudi kabisa huziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta, na breki zikipata moto hujifunga zenyewe. Pedali sasa ni imara, na magurudumu yanazunguka huru.